Sufuria Isiyounguza

Mwaitu, mama yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, wewe na Baba. Goti lako lasemaje siku hizi? Mmeshapanda, ama bado mnaangalia mawingu? Mimi ni mzima wa mwili, lakini moyo haujatulia.

Barua hii ameibeba Mutheu, yule muuguzi wa Makueni tunayeishi naye huku Scotland, anakuja likizo. Utashangaa kwa nini naandika na simu iko. Simu mnaiweka spika, Baba na kaka Kyalo wanasikiliza, nami Jumapili tatu nimejaribu kusema nikaishia kuuliza habari za mbuzi. Isome peke yako kwanza.

Nilikuambia nasafisha vizimba vya panya kwenye maabara ya chuo. Sikukuambia panya wenyewe hufanywa nini. Hupewa maji yaliyotiwa risasi, kile chuma laini cha ndani ya betri za gari, halafu huachiliwa kwenye beseni kubwa la maji watafute mahali pa kusimama. Panya wazima hupajua upesi. Waliokunywa risasi huzunguka tu. Kuna kundi la tatu, hao hupewa risasi na pia dawa iliyotolewa kwenye majani ya mlonge. Ndiyo, Mwaitu, mlonge wako! Hao hupapata, polepole, lakini hupapata. Nilicheka kwa furaha, nikasema kumbe Mama alikuwa mbele ya maprofesa, na mimi nilikuwa namcheka eti anampa Baba chakula cha mbuzi.

Halafu siku moja nilimtazama panya mmoja akizunguka, nikamwona Baba. Nikakumbuka alivyopotea akitoka soko la Kwa Vonza, njia aliyoipita maisha yake yote, akamuuliza Kyalo, "Kwani hii njia walihamisha lini?" Tulicheka sote. Nikajiambia ni ile kazi yake ya zamani, kuyeyusha risasi ya betri pale sokoni. Lakini kazi aliiacha miaka mingi, na bado anazidi kusahau. Ndipo nikaikumbuka sufuria yako ya jikoni.

Mwaitu, ile sufuria nzito sikupewa na mama muuza vyombo kama nilivyokudanganya. Nikiwa darasa la saba, wewe ukiwa mkutano wa kina mama kanisani, niliunguza isyo ya mahindi na maharagwe mpaka sufuria yako ikatoboka. Niliogopa fimbo. Nikakimbia kibandani kwa Baba, nikachukua ile aliyokuwa akiyeyushia risasi, ambayo alikuwa ameiacha nyuma ya mlango, nikaisugua kwa mchanga wa mtoni na majivu. Ukaisifu eti haiunguzi. Miaka yote hii umetupikia humo. Hata majani ya mlonge ya Baba unayachemshia humo humo.

Mwezi uliopita nilipokuambia uitupe kwa sababu imezeeka, ulinijibu, "Wewe Mueni, hii sufuria iko na nguvu kunishinda. Hii itatuzika sisi wote." Nikageukia habari za mbuzi. Nilikuwa mwoga darasa la saba, na nimezeeka na uoga wangu. Nisamehe, ingawa sijui kama nastahili.

Nilimuuliza daktari wa maabara kama mlonge utamponya mtu. Akasema umesaidia panya, kwa watu hawajui bado, na hauwezi kushindana na risasi inayoingia kila siku. Ni kama kudeki nyumba na mfereji wa maji uko wazi. Kwa hivyo iondoe jikoni leo hii. Kyalo aitoboe, jirani asipewe, wala kuku wasiwekewe maji ndani yake. Kisha nyote mliokula humo mwende hospitali kubwa, mseme mnataka damu ipimwe risasi. Baba akiuliza ni kwa nini, mwambie ukweli, kwamba ni mimi. Akisahau, mwambie tena.

Msalimie Kyalo na mke wake, na shangazi yangu wa kwaya, mwambie sauti yake bado naisikia. Mchungaji akiuliza habari zangu, mwambie aniombee, hana haja ya kujua kwa nini.

Nikija Krismasi nipikie muthokoi wa mahindi ya kukoboa kwa sufuria nyingine yoyote. Hata ukiungua, nitaukwangua niule.

Mwanao,
Mueni