Mlima Kabla ya Kibua

Ndoole, ndugu yangu,

Kosa la watu wengi kwenye barabara yenye mvua ni kuogopa mteremko. Kwenye mteremko kila mtu ni mwangalifu. Anashuka, anaiongoza baiskeli kwa mkono, anataja jina la Mungu. Mvua humwangusha mtu anapopanda. Sababu yake niliieleza ubaoni kwa miaka mingi: unapopanda, uzito wote huhamia gurudumu la nyuma, na udongo wa huku ukishalowa hauna pa kushika. Mtu ameinama, anatazama miguu yake mwenyewe, na aliye mbele hajui tena kama wa nyuma bado anakuja.

Hilo nalifahamu vizuri. Ndiyo maana siwezi kukaa.

Tangu tulipokuzika nimekuwa mtu wa kusimama-simama. Naanza kula, nasimama. Naanza kusali, naenda kutazama kama mlango umefungwa. Mke wangu amechoka nami: "Papa, hata kuku yenye kutaga inatulia kukupita weye." Hata barua hii nimeiacha mara tatu tangu asubuhi.

Habari za huku ni hizi. Binti yako Furaha ameingia sekondari na anaandika kwa herufi kubwa kama zako. Barabara ilifungwa, ikafunguliwa, ikafungwa tena. Mbwa wako alihamia kwangu bila kumuaga mtu, na analala mlangoni kama mwenye nyumba. Tena kuna jambo ambalo lingekuchekesha: nimeingia mashindano ya baiskeli.

Vijana wa Masisi na wa Walikale ndio walioyaandaa: kutoka Masisi hadi Walikale, siku mbili, kulala Kibua. Yaliahirishwa mara mbili kwa sababu ya risasi. Mara ya tatu ilikuwa mvua tu, wakasema mvua si sababu. Nilijiandikisha. Miaka hamsini na tisa, miwani, na goti lile unalolijua. Watu walidhani ni wazimu wa msiba. Ukweli ni kwamba njia ile inapanda ule mlima kabla ya Kibua, nami sikuwa nimekanyaga pale tangu siku yako.

Baiskeli yangu haikufaa. Mke wako, Mama Furaha, aliposikia, aliitoa yako ndani, ameifuta hata spoki. Akasema, "Beba baiskeli yake, Papa Mwalimu. Weye ndo ulikuwa naye mpaka mwisho."

Nikasema aksanti. Hiyo tu.

Wewe unajua ilivyokuwa, lakini acha niandike, maana sijawahi kuandika. Tulikuwa tunapeleka maharagwe Walikale, mimi gunia moja, wewe mawili, kama kawaida yako ya kumhurumia mwalimu asiyelipwa. Na sheria ya wachukuzi ulinifundisha mwenyewe mwaka wangu wa kwanza barabarani: anayefika juu analaza baiskeli yake kwenye majani, anashuka tena, anamsukuma mwenzake. Hakuna kuuliza kama amechoka. Unashuka. Mara ngapi ulinishukia! Ulikuwa ukinisukuma huku ukinicheka: "Mwalimu, hii mulima haijasoma, haiogope diplome yako."

Siku ile mimi ndiye niliyefika juu kwanza. Mvua ilikuwa ikimwagika, baridi imeniingia. Kuna kanisa dogo la mbao pale, nikakaa chini ya ukingo wa paa lake. Nikafuta miwani. Nikajiambia: Ndoole ana nguvu, Ndoole anakuja. Nikafuta miwani tena. Nilikaa muda wa kufundisha somo zima na kusahihisha mazoezi yake.

Niliposhuka, wachukuzi waliokuwa nyuma yetu walikwisha kukufunika kwa shitingi ya plastiki. Mzigo ulikuvuta mtaroni, magunia yakakulalia kifuani. Mmoja wao aliniambia kwamba walipofika ulikuwa bado unapumua, na uliuliza neno moja. "Mwalimu iko wapi?"

Nyumbani waliponiuliza, nilijibu, "Tulikuwa pamoja njiani." Sentensi hiyo haina kosa hata moja, na ni uongo. Mke wako aliipokea, akaifanya faraja yake. Mimi nikamwachia.

Basi, mashindano. Pale Masisi, kwenye mstari, vijana walinipokea kwa kelele. "Papa Mwalimu, unaenda kukosoa kopi za mitihani Walikale?" Mwingine: "Mumupishe, asije akatupa zero!" Nilicheka. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu.

Mpaka Nyabiondo tulipata mawingu tu. Baada ya hapo mvua ilishuka, haikuacha. Udongo ulijaa kati ya gurudumu na fremu mpaka baiskeli ikakataa kuzunguka. Kila mara unashuka, unachokoa kwa kijiti, unapanda, unashuka. Wanawake waliokuwa wakitoka shambani chini ya majani ya migomba walitutazama tukipita bila mzigo wowote, wakaulizana tunapeleka nini. Swali zuri.

Kisha mlima.

Nilipofika chini yake niliona jambo ambalo waandaaji hawakulitarajia. Karibu wote waliokuwa mbele walikuwa wachukuzi. Walipofika juu hawakuendelea. Walilaza baiskeli zao kwenye majani, mstari mzima, wakaanza kushuka kwa miguu kutusukuma sisi wa nyuma. Sidhani walifikiri. Miguu yao ndiyo iliyofanya. Mwamuzi alikuwa juu ya pikipiki, amelowa, anapiga filimbi mpaka mate yanaruka: "Mashindano iko mbele! Haiko nyuma! Mutaondolewa wote!"

Aliyekuwa akiongoza, Amani, mchukuzi wa Walikale, baba wa watoto wanne, alimjibu bila kusimama. "Andika, Papa. Tuondoe. Lakini kwanza shuka kwa hiyo pikipiki, usukume na weye."

Watu wakacheka mlima mzima. Kijana mmoja wa mjini, mwenye baiskeli ya gia, aliendelea peke yake, akawa wa kwanza. Simlaumu. Hakuna aliyemfundisha.

Mimi nilikuwa nimesimama mtaroni pale ulipoangukia. Nilipatambua kwa jiwe kubwa lililo ukingoni. Nilishindwa kwenda mbele, nilishindwa kurudi. Amani akanifikia, akashika kiti cha baiskeli kwa nyuma.

"Papa, twende."

Nikamwambia, "Hapa nilimuacha mutu." Nikamwambia yote, hata miwani. Ni mtu wa kwanza kusikia, na nilikuwa simjui. Alinisikiliza, mvua ikimtiririka puani.

"Muke wake anajua?"

"Hapana."

"Basi panda, Papa. Hautabakia hapa. Kuko mutu anangoja kuambiwa."

Akasukuma. Ndoole, alisukuma kama wewe, bega chini ya kiti, pumzi fupi-fupi. Nililia mpaka juu. Mvua ilinificha, ingawa nadhani hakudanganyika.

Kesho yake niliingia Walikale wa mwisho kasoro mmoja. Walikuwa wanakunja turubai. Bado waligombana kuhusu wale wachukuzi, waondolewe au wasiondolewe, na ugomvi huo mpaka leo haujaisha. Mimi niliondoka nikiwa nimekwisha kuamua kumwambia Mama Furaha yote. Nilifikiri uamuzi utanituliza. Haukunituliza. Nilirudi siku nne zilizopita. Baiskeli yako nimeiosha mara mbili, nikatia mafuta kwenye mnyororo, nikakaza skrubu ambayo haikulegea. Najua ninachofanya. Nimekaa tena chini ya paa la kanisa.

Mama Furaha anaweza kunifukuza. Anaweza kukaa kimya, na hilo naliogopa zaidi. Anaweza kuniuliza kwa nini nilimwacha amwambie Furaha kwamba baba yake hakufa peke yake. Sitakuwa na maelezo, mimi niliyekuwa na maelezo ya kila kitu. Lakini ni neno lako la mwisho, uliliacha barabarani, na mwenye haki ya kulisikia ni yeye.

Lala salama, ndugu yangu mwenye magunia mawili. Nakuahidi: sitaongeza neno la kujitetea, na akinifukuza nitarudi tena kesho yake, na tena, mpaka amalize maswali yake yote.

Mvua imepungua. Na wewe, Mwalimu, weka kalamu chini: nenda sasa kwa Mama Furaha, na kabla hajakupa kiti, mwambie ulikuwa wapi.