Kabichi ya Ndimu

Kariakoo, 9 Mei 1992

Dada Evelyn,

Shikamoo. Dukani kwetu siku hizi bidhaa za Dubai zimejaa hadi mlangoni, hata mayonezi ya chupa tunauza. Mimi siitaki kwenye kabichi yangu. Mama Akash wa ghorofa ya juu alinifundisha kachumbari yao ya Kihindi: kabichi unaikata nyembamba kama uzi, unaifikicha na chumvi, halafu unatia giligilani, ndimu na maji ya chungwa. Kitunguu hawatii, kwao ni mwiko.

Shemeji yako Elimringi alikuwa analimaliza bakuli zima, na ndimu anaongeza mwenyewe. Sasa ana vidonda mdomoni, na suruali anaifunga kwa kamba. Juzi alionja kijiko kimoja akasema, "Mektilda, punguza ndimu." Nikapunguza. Akasema bado. Jana nikatia chungwa peke yake, akala huku machozi yanamtoka. Wateja wakimwuliza, anawajibu ni malaria. Namwacha aseme hivyo.

Leo mchana nimejitengenezea yangu, yenye ndimu nyingi kama zamani. Dada, nilipotia kijiko cha kwanza, na mimi mdomo uliniwaka moto.

Watoto wakifunga shule nitawaleta kwako. Usiniulize watakaa hadi lini.

Mdogo wako,
Mektilda