Chakula cha Chini ya Sufuria

Mama Dabo,

Kabla sijasema lolote, najibu swali lako. Mbuzi wetu ni wanne sasa, mmoja ana mimba, na malisho yako mbali. Najua ungeanza hapo. Hukuwahi kuniuliza kama nimekula. Uliuliza mbuzi.

Nakuandikia nikiwa nimekalia jerikeni yako ya njano nyuma ya jiko la shule. Imepasuka pembeni lakini hakuna aliyethubutu kuitupa. Ulipokuwa hai hukujua kusoma. Mimi ndiye niliyekusomea maandishi ya kwenye magunia ya mahindi. Basi hii naandika kana kwamba nakusomea.

Unakumbuka nilivyofika Burat kutoka Oldonyiro, kidato cha kwanza, ukame ukiwa umetumalizia mifugo yote? Saa ya chakula, kwa kuwa sikuwa nimelipia, nilikuwa najificha darasani, najifanya nasoma. Siku ya tatu ulisimama mlangoni na mwiko mkononi. "Wewe msichana, mbuzi yenu iko wapi siku hizi?" Nikakujibu kwamba walikufa. Hukunipa pole. Ulisema, "Kuja unisaidie hii sufuria, imenishinda."

Nilikasirika, Mama Dabo. Wenzangu wanakula githeri ya mahindi na maharagwe kivulini, mimi nimeingiza kichwa kwenye sufuria kubwa kama mtoto aliyeanguka kisimani. Nikanung'unika kwa sauti ili usikie: "Kwani mimi ni mboch wenu, wa kuwaoshea vyombo?" Ukacheka mpaka ukakohoa. Ukaniambia anayeosha sufuria ndiye anayekula kilichobaki chini, hiyo ndiyo sheria ya jiko. Nikakwangua, nikala, nikashiba. Miaka miwili nimekula hivyo, na nilidhani nakufanyia kazi.

Nilipokuuliza mbona wewe huli, ulikaza leso kiunoni ukachukua kikombe chako cha chai ya rangi. "Mpishi anashiba harufu," ukasema.

Ulipofariki tulikuja kwenu, tukakaa mkekani na wanawake. Mimi Mkristo sikujua dua zenu, nikaosha vyombo. Nililia nikiosha. Hakuna aliyeniuliza kwa nini.

Baada ya hapo nilitaka kufanya jambo la kukukumbuka, na hapo ndipo nilipoharibu. Mwalimu wa kilimo alitusaidia kuanzisha chama cha wanafunzi cha mambo ya chakula. Wakanichagua mwenyekiti, unajua mdomo wangu. Tulitembea Burat yote tukiuliza kwa nini kuna mashamba hapa na bado watoto wanalala njaa. Tukapanda sukuma wiki kwenye magunia, tukimwagilia maji yaliyoosha maharagwe. Mpaka hapo ungetusifu.

Halafu nikaandika orodha. Wanafunzi wanaohitaji chakula, kwa herufi kubwa, nikaibandika kwenye ubao wa matangazo ili wajue waje kwetu. Jina la kwanza niliweka la Gumato, anayekaa dawati moja nami, kwa sababu nilijua mifugo yao imeisha na mama yake haondoki kitandani. Nilidhani namtangulizia msaada. Gumato alisoma, akachukua begi lake, akaenda. Wiki nzima dawati likawa langu peke yangu. Mimi, mtoto wa wafugaji, nilisahau kwamba kwetu mtu hutangaza ng'ombe aliyepotea, hatangazi njaa. Ungekuwepo ungenifukuza na mwiko, na ningestahili.

Nikaenda kwa Mama Kendi, mpishi aliyechukua nafasi yako. Nikamwomba niwe naosha sufuria, ili kile cha chini nimpelekee Gumato nyumbani. Hakukasirika. Alinitazama tu akasema, "Hiyo ya chini ni ya mpishi, mtoto wangu. Ndiyo lunch yangu. Kwani Mama Dabo alikuwa anakula nini?"

Mama Dabo.

Miaka miwili. Hospitalini walisema ni shinikizo la damu, na nawaamini, kwa sababu nisipowaamini sijui nitalalaje. Lakini nilikula chakula chako. Nilikula nikinung'unika. Hukuniambia, na ninakushukuru, na nimekukasirikia, yote mawili kwa pamoja.

Jioni hiyo nilikwenda kwa kina Gumato. Sikuuliza kama wamekula. Nilimsalimia mama yake, nikakaa, nikauliza malisho yako wapi siku hizi. Mama akasimulia ng'ombe mmoja mmoja, rangi na jina, alianguka wapi. Alipofika wa mwisho nilikuwa nimeelewa yote, na hakuna aliyetaja njaa. Nikiondoka nilimwambia Gumato, "Sufuria imenishinda. Kesho kuja unisaidie."

Akauliza, "Na ile karatasi?"

"Nimeichoma kwa jiko la Mama Dabo."

Alikuja. Siku hizi chakula changu kinalipwa, mama yangu amepata kibarua shambani. Basi sahani yangu niliimwaga chini ya sufuria kabla Gumato hajafika, juu ya kile cha Mama Kendi, ili wawili hao wagawane. Akaingiza kichwa, akakwangua, mara nikasikia sauti kutoka ndani: "Kwani mimi ni mboch wenu?" Nilicheka. Halafu nikatoka nje haraka.

Mchana huo sikula. Hesabu ilikuwa vipindi viwili, githeri bado inanukia kwenye sweta yangu, na tumbo linanguruma mpaka Gumato akageuka kunitazama. Nilikunywa maji ya bomba mara tatu. Ulinidanganya, mama yangu. Harufu haishibishi.

Basi sikiliza ahadi yangu. Nyuma ya mlango wa jiko tumeweka gunia, mdomo wazi. Mwenye kikombe cha mahindi au maharagwe anamimina akipita, bila jina, bila mtu kumtazama. Gumato ndiye aliyechagua mahali pa kuliweka, kwa sababu anajua mtu akiwa na aibu hupitia wapi. Kila siku tunapika sahani mbili zaidi: moja ya anayeosha sufuria, moja ya mpishi. Kuna siku gunia halitoshi, na siku hiyo sisi wanachama tunapunguza kwenye sahani zetu. Lakini maadamu mimi niko shule hii, na nikitoka nitamwachia Gumato neno hili, hakuna mpishi atakayeshiba harufu tena.

Sahani ya kwanza tuliipakua Ijumaa, tukaiweka hapa juu ya jerikeni yako. Ilipoanza kupoa nikamwita Mama Kendi aketi ale. Alikula yote.

Pumzika, Mama Dabo. Sufuria nimeiosha.

Wako,
Nakiru