Nesi Aliniambia Niende New Mexico

Jumatano

Sikutegemea kukataliwa kwa upole vile. Nilikwenda kliniki ya kaunti hapa Houston, Texas, nikidhani ya serikali ndiyo itanisaidia. Nilimweleza nesi kwamba nilipomzaa Amani damu ilitoka nusura nife, na mimba hii naiogopa, nataka kuitoa.

"Pole, dada," alisema. Ni Mkenya, tukaongea Kiswahili. "Texas sheria hairuhusu kuitoa mpaka maisha yako yawe hatarini kabisa. Itabidi uende jimbo la New Mexico, huko inaruhusiwa."

"Kwa hiyo nisubiri mpaka nianze kufa?"

Alinishika tu mkono.

Njia nzima ya kurudi nyumbani niliogopa kumwambia mume wangu. Baraka ni mzee wa kanisa, na Jumapili alitoa shukrani mbele ya watu kwa ajili ya mimba hii. Nilimwambia jikoni, nimempa mgongo.

Alinigeuza, akasema, "Mama Amani, mimi nakutaka wewe, hai. Nitaomba ruhusa kazini, nikupeleke mwenyewe."

Nililia kwa faraja.

Kesho tutapiga simu kliniki ya huko New Mexico. Wakisema wamejaa, sijui... Mungu namwogopa pia. Lakini Amani hajajua hata kufunga kamba za viatu, na nisipokuwepo nani atamfundisha?