Dirisha la Milimani

Mama yangu mpenzi,

Nimeolewa. Najua ulijua atakuwa Mutwiri tangu siku ile alipokuja na mkungu wa ndizi begani, jasho likimtiririka, ukaninong'oneza, "Huyu ametumwa na ndizi au na wewe?" Harusi tuliifanya kwao Githongo, mibuni ikiwa imechanua maua meupe kila upande, na nilimpenda siku hiyo hadi nikaogopa. Kiti chako tulikitandika ile leso yako ya kijani. Mdogo wangu Kendi hakukubali mtu akikalie. Mwishowe alikikalia mwenyewe, akalia.

Sasa tunaishi Milimani, Mama. Ndiyo, huko juu ulikokuwa ukipanda kufulia watu nguo. Tumepanga vyumba viwili nyuma ya nyumba kubwa ya mawe, vile walivyojengewa wapishi wa wazungu. Hata hivyo mfereji una maji, na kila chumba kina dirisha pana linalotazama miti. Siku ya kuhamia, kabla sijafungua hata sanduku, nilichukua fulana kuukuu nikaanza kuziba dirisha. Mutwiri akaniuliza, "Mpenzi, unaziba nini?" Huku hakuna harufu ya mtaro. Ni mikono yangu tu iliyokuwa bado kwetu Majengo, ikifanya ulivyotufundisha: tuzibe ule mwanya wetu mmoja, ndipo tule.

Nilikaa sakafuni nikalia na fulana mkononi. Akakaa karibu nami.

Nilikuwa nakumbuka daktari alipokuuliza chumba chetu kina madirisha mangapi. Ukamjibu, "Daktari, ningekuwa na madirisha ningekujia wewe?" Akacheka, nawe ukacheka mpaka kikohozi kikakukamata. Ulimeza dawa za kifua kikuu zikaisha, ukapona, ukarudi kulala chumba kile kile, ukaugua tena. Ulikuwa ukisema Milimani hata homa inaogopa kupanda. Tulidhani ni mzaha.

Babu alipalilia maua ya huku. Jioni ilibidi ashuke, maana Mwafrika ambaye si mpishi wala yaya hakuruhusiwa kulala kwenye mtaa wa wazungu. Alipewa chumba kile cha Majengo, bondeni, maji machafu ya mji yanakopitia. Wazungu waliondoka zamani. Mabomba yalibaki yalipowekwa, na sisi tukabaki tulipowekwa. Naandika haya bila hasira, Mama. Hapana. Nina hasira.

Napumua vizuri mno huku. Hilo ndilo linaloniuma.

Kendi alibaki chumba kile cha Majengo na shangazi. Juzijuzi akaanza kukohoa, kikohozi kikavu, na sauti yake naijua. Nilimpeleka kupimwa. Si kifua kikuu, Mama, tulia. Lakini muuguzi alisema atolewe kwenye unyevu ule upesi. Shangazi akaniambia, "Umeolewa juzi, tayari unamjazia mwanamume nyumba?" Nikaogopa. Nikawa nampikia Mutwiri mukimo mtamu, wa viazi na mahindi ya kupondwa, kila jioni bila kusema kitu, mpaka siku moja akaweka kijiko chini. "Mukimo huu unataka nini?" Nikamwambia yote. Akainuka, akapima ukuta wa chumba cha mbele kwa mikono yake mirefu, akasema, "Kitanda chake kitaenea hapa, chini ya dirisha."

Mama, ungemwona. Nilitamani kukimbia nije kukuambia, kisha nikakumbuka.

Jumamosi tunashuka kumchukua Kendi. Leso yako nitaishona iwe pazia, jepesi, lisizuie upepo. Na kila asubuhi, kabla hajaamka, nitalifungua lile dirisha lote. Hiyo ndiyo ahadi yangu kwako. Pumzika sasa, Mama, kifua chako kimetulia.

Mwanao akupendaye,
Makena