Vidonge vya Saa Mbili

3 Machi

Shangazi yangu,

Shikamoo. Natumaini mgongo umepoa na cherehani haikusumbui. Sisi hapa tu wazima, ukiondoa haya nitakayokueleza. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu yako hupokelewa na kila mteja anayengoja gauni, na habari hii si ya wateja.

Nina mimba, wiki ya nane. Mnaojua ni wewe na mume wangu tu. Zile mbili za kwanza nilizitangaza ofisi nzima, kisha ikabidi nitangaze tena kwamba zimetoka. Sirudii. Safari hii niliona matone ya damu mapema, na kwa kuwa nimeshapoteza mara mbili, daktari akanianzishia progesteroni, vidonge vya kuweka ukeni.

Nashukuru kuwa dawa ipo. Lakini inanitesa, Shangazi. Usingizi unanishika kama niliyepigwa rungu. Nikisimama ghafla, rafu za masjala zinazunguka. Tumbo limejaa gesi, matiti hayataki kuguswa hata na shuka. Juzi nililia kwa sababu wino wa muhuri ulikuwa umekauka.

Nilimweleza muuguzi wa kliniki. Hakuinua hata uso. "Ulitaka mtoto au ulitaka starehe?" Wenzangu kwenye benchi wakacheka. Nikacheka nao, mjinga mimi, kisha nikafika nyumbani nikabamiza mlango kwa hasira.

Kadi yangu ameiandika yeye: kimoja saa 2 asubuhi, kimoja saa 2 usiku, ulale nusu saa. Saa mbili ndiyo masjala inafunguliwa. Basi nikishasaini daftari la mahudhurio naingia chumba cha majalada ya zamani, nakiweka, najilaza sakafuni juu ya boksi nililolikunjua, naitazama saa. Nusu saa kamili. Je, nikiruka cha asubuhi itadhuru?

Mtoto wa kaka yako

9 Machi

Mwanangu wee,

Marahaba, mara mia. Mgongo uko pale pale, cherehani ndiyo ngangari kuliko mimi. Barua yako nimeisoma mara mbili, na ya pili nilikuwa na sindano mdomoni, nusura niimeze.

Kwanza hongera, kimya kimya. Pili, huyo muuguzi ashukuru tunatenganishwa na safari ya siku mbili. Mtu anakwambia anaumia, unamjibu kwa kejeli? Angekuwa fundi wa hapa kibandani, angefagia vipande vya nguo mpaka uzeeni.

La tatu lisikilize vizuri: usiruke. Mimi najua kukata nguo, sijui kukata dawa. Kamuulize daktari mwenyewe. Wakikufukuza mlangoni, kaa hapo hapo mlangoni.

Na hilo la boksi limeniuma. Mimba yangu ya kwanza nilibeba majora ya vitambaa huku kiuno kinawaka moto, nikanyamaza ili tajiri asinione mvivu. Kweli, hakuniona mvivu. Na mtoto sikumwona. Wewe usinyamaze.

Shangazi yako

19 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Sijui nikuulize hali kwanza au nilie kwanza. Hujambo?

Nilikwenda kwa daktari kama ulivyoniagiza. Muuguzi akaziba mlango. "Swali gani? Kadi haijaandikwa? Wewe si karani, huwezi kusoma?" Nikarudi kazini. Sikukaa mlangoni. Nisamehe.

Alhamisi mkuu wetu, yule tunayemwita Bwana Muhuri kwa kuwa hata kikombe chake cha chai amekipiga muhuri, alileta wakaguzi kuona majalada ya zamani. Ilikuwa saa mbili na robo. Akawasha taa, na mimi niko chini.

"Karani, hii ni masjala au bweni?"

Wakaguzi wakacheka. Niliinuka upesi, kizunguzungu kikanishika, nikaegemea rafu, majalada yakaporomoka. "Tena amelewa," mmoja akasema. Amelewa! Mimi ambaye hata soda inanipigisha chafya.

Alasiri nikapewa barua ya onyo: nimelala kazini, nijieleze kwa maandishi ndani ya siku saba. Nitajieleza vipi bila kutaja mimba? Na nikiitaja, kisha ikatoka kama zile?

Tangu Ijumaa nimeacha cha asubuhi. Nimekuwa macho siku nzima, barua nazipanga vizuri, Bwana Muhuri kanisifu mbele ya watu. Leo asubuhi nimeona damu tena. Naandika hapa kaunta. Naogopa hata kwenda kuambiwa.

Mtoto wa kaka yako

21 Machi

Mwanangu,

Salamu zitangoja. Simu yako hupokei. Barua hii nimempa dereva wa basi mkononi.

Ikikufikia, weka kalamu chini, nenda. Mwambie daktari ukweli wote, pamoja na vidonge ulivyoruka. Kuruka dawa kwa kuogopa barua ya onyo si aibu yako, ni aibu ya walioiandika. Kisha nijibu hata kwa neno moja.

Shangazi

5 Aprili

Mwanangu,

Hilo neno moja sijalipata. Mume wako alipokea simu, akasema "anapumzika," mtandao ukakatika. Anapumzika kitandani au vipi? Tangu hapo nimeshona mikono miwili ya kulia kwenye gauni moja.

Nimemkasirikia Bwana Muhuri, nimemkasirikia muuguzi, nimekukasirikia wewe, na zaidi ya wote nimejikasirikia mimi niliyekwambia ukae mlangoni badala ya kuja kukaa mwenyewe. Nikifika tarehe kumi na mbili bila barua, nafunga kibanda naja.

Shangazi yako

9 Aprili

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo, na usifunge kibanda. Tupo. Sote wawili.

Siku ile nilipomaliza kukuandikia nilikwenda. Muuguzi akasema nirudi kesho. Nikakaa mlangoni, chini kabisa, miguu nimenyoosha, anayepita aniruke. Watu wakaanza kupiga kelele, daktari akatoka kuangalia kuna nini.

Alinipima. Moyo wa mtoto unadunda. Alisema hawezi kujua kama damu ilitokana na kuruka dawa, ila nisiache tena bila kumuuliza. Nikamwonyesha kadi, nikamweleza habari za boksi. Akashika kichwa.

"Mama, saa mbili si amri. Cha asubuhi kiweke saa kumi na moja alfajiri ukiwa bado kitandani, na kingine unapokwenda kulala."

Sentensi moja, Shangazi! Mwezi mzima nimelala sakafuni kwa kukosa sentensi moja ambayo muuguzi angeweza kuisema huku anafunga vitambaa vya bendeji. Na mimi, kwa woga wangu wa kikarani, sikuthubutu kuisogeza saa iliyoandikwa na mkono wa mtu mwingine. Usingizi umepungua mchana. Kizunguzungu na gesi bado vipo, ila sasa sivifichi.

Daktari alinipa mapumziko mpaka wiki iliyopita. Nilinyamaza kwa sababu kila nikishika kalamu niliona nitakuandikia habari ambayo kesho yake itakuwa ya uongo. Zile mbili zilitoka kabla ya wiki ya kumi na mbili, nilitaka kwanza nivuke. Nimevuka. Nisamehe kwa gauni la mteja.

Lile onyo nililijibu nikiwa kitandani. Niliandika yote: mimba, dawa, boksi, na neno "amelewa". Mume wangu akaipeleka siku ya saba, nakala yangu ikapigwa muhuri wa kupokelewa. Jumatatu nimerudi kazini, nikafungua jalada langu. Onyo lipo, ukurasa wa 18. Jibu halipo. Nikamfuata Bwana Muhuri.

"Liko kwenye droo yangu," akasema. "Mambo ya kike hayo, hayafai kukaa jaladani."

"Na kuitwa mlevi mbele ya wakaguzi kunafaa?"

Akavuta kikombe chake cha chai. Nikachukua nakala yangu, nikaitoboa, nikaipa namba 19, nikaiingiza daftarini. Namba imekaa sawa. Akaja akasimama nyuma yangu.

"Ondoa hiyo karatasi."

"Karatasi ikishapewa namba haiondolewi, mkuu. Sheria yako hiyo, umeibandika mwenyewe ukutani."

Mpiga chapa wa ofisi akaacha kupiga chapa. Bwana Muhuri akautazama ukuta, akalitazama tumbo langu ambalo hata bado halionekani, akaenda zake.

Onyo halijafutwa, na huenda lisifutwe. Na mtoto hakuna aliyenihakikishia. Lakini jaladani, Shangazi, karatasi mpya ndiyo hukaa juu. Yeyote atakayelifungua ili anihukumu, itambidi aanze na ya 19.

Mtoto wa kaka yako