Sanduku la Wachira

Kitale, Januari 2006

Baba Wachira,

Pokea salamu, hata kama hukuziomba. Ng'ombe mweusi amezaa ndama dume.

Shule zimefunguliwa. Binti yako Wacuka alikunja nguo zake mwenyewe, akanikataza kumsindikiza hata stendi, ati yeye ni mkubwa sasa. Nilirudi nyumbani nikapika githeri ya watu watatu. Nimeila peke yangu mpaka ikachacha.

Wachira ameenda kidato cha tatu na nguo kwa gunia. Lile sanduku lake la bati, lenye jina lake kwa rangi nyeupe, ndilo ulilobebea nguo zako ukihamia kwa huyo mama wa Bungoma. Ulisema utalirudisha kabla shule zifunguliwe. Kijana alikungoja mpaka asubuhi ya safari, kisha akafunga gunia kwa kamba.

Nilimwambia nitakuandikia ulilete. Akasema, "Wacha tu, mama. Akae nalo, lakini afute jina langu."

Nikamkumbusha kwamba tulimpa jina la babu yake, baba yako mzazi. Akasema anajua.

Ni mimi,
Mama Wachira